Paka Aliyeogopa Paka

Constantin alimleta yule paka nyumbani ndani ya kofia yake. Alitembea kutoka mjini mpaka Katuba, mtaa wa Waafrika, kichwa wazi, jua likimpiga utosini, na yeye si mtu wa kuonekana barabarani bila kofia. Agnès, mkewe, alikuwa barazani akishona pindo la gauni. Alipomwona anakuja hivyo, alidhani kuna msiba.

"Ni Madame, bibi ya patron wangu wa kazi, njo alinipatia," Constantin alisema, akiinamisha kofia ili aone. "Ndugu zake wane, mutumishi wa bustani aliwazamisha mu ndoo. Huyu Madame alimuchagua yeye mwenyewe. Anaitwa Bijou."

Kitu chenyewe kilikuwa kidogo kama panya mnene, chenye manyoya ya rangi ya majivu na macho ya samawati ambayo hayakuwa yametulia bado. Hakikuwa kimetimiza mwezi. Agnès alikiweka kwenye kiganja akasikia moyo wake unadunda mbio mbio.

"Bado anataka maziwa ya mama yake," alisema.

"Utamupa maziwa ya kopo. Na Madame alisema asitoke inje hata siku moja. Ni paka ya mu nyumba. Inje iko bilulu, wadudu wa kila namna, iko magonjwa, iko paka za ovyo."

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na nne. Constantin alikuwa karani katika ofisi ya mizigo ya reli, mtu wa Mitwaba kwa asili, mtoto wa fundi wa njia ya reli aliyekufa na nyundo mkononi. Mwaka huo alikuwa na jambo moja tu kichwani: kupata immatriculation, kadi ile aliyopewa Mwafrika aliyekwisha kupimwa na wakubwa wakamwona ameendelea, ili sheria imhesabu upande wa Wazungu. Alikuwa ameshaandika barua, ameshaulizwa maswali ofisini mara mbili. Kilichobaki ni tume kuja kuona anaishi vipi. Wangekuja siku gani, hakuna aliyejua. Kwa hiyo nyumba ilipaswa kuwa tayari kila siku.

Agnès hakulazimishwa, tuseme ukweli. Alikuwa na binti mmoja, Wivine, wa miaka sita, na watoto wa wenye kadi waliweza kukubaliwa katika shule ya watoto wa Kizungu. Agnès mwenyewe masista walimfundisha kushona na kusali, na baada ya hapo wakafunga daftari. Alitaka Wivine afike mbali zaidi. Basi Constantin aliposema bukari, ule ugali wao, isiliwe tena kwa mkono, hata wakiwa peke yao, alikubali. Aliposema wanawake wa jirani wasije tena kusukana nywele barazani, aliwaambia yeye mwenyewe, kwa maneno laini, kwamba kichwa kinamuuma. Kichwa kilimuuma wiki nyingi. Wakaacha kuja. Na aliposema Wivine asicheze tena barabarani na watoto wa mtaa, asije akajifunza maneno ya ovyo, Agnès alifunga kijimlango cha uzio wa nyuma kwa waya.

Hivyo mtoto na paka walikulia pamoja ndani ya vyumba vitatu.

Bijou alikuwa paka wa kupendeza, hilo hakuna wa kulikataa. Alilala juu ya cherehani wakati Agnès anashona, mkia ukining'inia karibu na gurudumu. Alimfuata Wivine kila chumba. Ila alikuwa na jambo moja: hakujua kiasi. Akicheza na mkono wako aliuma mpaka damu itoke, kisha akakutazama kwa mshangao, kama hajui kwa nini umelia.

Alikuwa na miezi minane alipoona paka mwingine kwa mara ya kwanza. Ilikuwa saa kumi ya mchana. Kapita, dume la Albertine jirani, lenye sikio lililochanika na shingo nene, lilipanda dirishani na kuchungulia ndani. Walimwita Kapita kwa sababu alizunguka maparsele yote, viwanja vya mtaa mzima, kama msimamizi anayehesabu wafanyakazi. Hakufanya lolote. Alikaa tu, akatazama.

Bijou alivimba mpaka akawa mara mbili. Alitoa sauti ambayo Agnès hakuijua, kama mlango wa chuma unaburutwa. Kisha alijikojolea pale pale juu ya kitambaa cha mteja, akaruka, akagonga ukuta, akapotelea chini ya kitanda. Alikaa huko siku mbili. Hakula. Wivine alilala sakafuni akimwita kwa Kifaransa, kama baba yake alivyomfundisha, na paka hakusogea.

Siku ya pili, Constantin alipokuwa kazini, Agnès alikwenda kwenye uzio wa nyuma.

Albertine alikuwa akichuja munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye chungu kikubwa, mikono myeupe mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa mtu wa pale pale. Wazee wake walilima maeneo hayo kabla mgodi haujatoboa ardhi. Ndiye aliyempokea Wivine siku alipozaliwa, mvua ilipokata njia na gari la hospitali halikufika. Tangu zile siku za kichwa kuuma, hawakuwa wamezungumza zaidi ya salamu.

"Yaya Albertine," Agnès alisema, akimwita dada mkubwa kama zamani, "naomba kukuuliza kintu."

Albertine alimtazama, kisha akafuta mikono. "Uliza, mudogo yangu."

Agnès akaeleza. Albertine alisikiliza bila kucheka, ingawa Agnès alitegemea acheke.

"Walimutoa kwa mama yake akiwa na siku ngapi?"

"Hata mwezi haukutimia."

"Na ndugu zake?"

"Walizamishwa."

"Basi njo ile." Albertine alichutama, akaonyesha kwa vidole vyake viwili jinsi watoto wa paka wanavyopigana. "Unaona, kapushi kadogo kanajifunza kwa ndugu zake. Kanauma, mwenzake analia, kanajua nimepitisha. Mama yake anakapiga kofi, kanajua mipaka. Pale njo kanajifunza kusoma mwenzake: huyu amekasirika, huyu anapita tu. Yako hakupata hiyo. Anaona Kapita, hajui kama ni mwenzake. Anaona mnyama tu, kama weye uone simba mu dirisha. Tena ile nyumba njo inchi yake yote. Kapita akimukasirikia paka mwingine, yule anakimbia, anaruka ukuta, mambo yameisha. Yako atakimbilia wapi?"

Agnès aligeuka akatazama dirisha la nyumba yake. "Kuko dawa?"

"Dawa ni polepole. Chukua hii." Albertine aliingia jikoni akatoka na kitambaa cheusi cha zamani. "Kapita analala pa hii. Weka mbali na chakula chake. Kesho sogeza kidogo. Kesho kutwa kidogo. Akizoea harufu, tutamuleta paka mwenyewe, niko na jike moja mpole, tuweke pazia katikati, wale kila mmoja upande wake. Hapana haraka. Ukiharakisha umeharibu."

Na kweli, dawa ilishika. Siku ya kwanza Bijou alikinusa kile kitambaa kwa mbali akarudi chini ya kitanda. Siku ya nne alikula hatua tatu kutoka pale kilipo. Siku ya kumi alikula kando yake. Kila asubuhi, Constantin akishapanda baiskeli na kupotelea kwenye kona, Agnès alifungua ule waya akampeleka Wivine kwa Albertine kutoa taarifa. Albertine alikuwa na mabinti wawili. Mara ya kwanza Wivine alisimama nyuma ya mama yake akiwatazama tu. Mara ya tatu alishika mpira wao wa matambara. Mara ya tano alisukumwa, akaanguka, akalia, akainuka, akamsukuma mwenzake naye. Agnès alitaka kwenda kuwaamua, Albertine akamshika mkono.

"Waache," alisema. "Wanaongea."

Zilikuwa wiki mbili. Agnès alikuja kuzikumbuka baadaye siku moja moja, kila moja na jua lake.

Jumapili baada ya misa Constantin aliinama kutafuta kifungo cha shati kilichoanguka, akakiona kitambaa nyuma ya cherehani. Alikishika kwa ncha mbili za vidole.

"Hiki ni nini?"

Agnès alimweleza. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, kama alivyoelezwa. Uso wa Constantin haukubadilika mpaka aliposikia jina la Albertine.

"Kwa hiyo unaenda kule."

"Kwa sababu ya paka, Baba Wivine."

"Na mutoto pia?"

Agnès aliinama, akakiokota kile kifungo.

"Mama Wivine, nasikia tume iko inapita mu Katuba. Wiki jana walikuwa kwa mwalimu. Wanafungua mpaka masanduku. Sasa waingie, wakute mu nyumba yangu tambara la paka la mama wa munkoyo?" Hakupandisha sauti. Alikuwa mtu asiyepandisha sauti. "Miaka mitatu nakazana. Miaka mitatu. Kwa ajili ya nani?"

Alikwenda uani akakichoma kile kitambaa. Kisha akarudi na koleo, akaukaza ule waya wa kijimlango mpaka ukawa hauwezi kufunguliwa kwa vidole. Agnès alimtazama kupitia dirishani. Angeweza kusema neno. Alifikiria ile shule, akaendelea kukunja nguo.

Tume ilikuja Alhamisi ya wiki ile: ofisa mmoja wa serikali, padri, na bibi wa Kizungu mwenye glovu. Constantin aliarifiwa asubuhi ofisini, akaja mbio kwa baiskeli, Agnès akapata saa mbili za kuchoma kuku na kutandika meza. Walipoingia, kila kitu kilikuwa mahali pake. Ofisa alisoma majina ya vitabu kabatini. Padri aliuliza kuhusu sala. Yule bibi alivua glovu moja, akafunua shuka za kitanda, akafungua sanduku la nguo za ndani za Agnès, akahesabu uma na visu mezani kwa midomo. Halafu alimuuliza Agnès anachemsha maziwa kwa muda gani. Agnès alijibu kwa Kifaransa alichokuwa amekihifadhi. Constantin alisimama kando ya mlango mikono nyuma, jasho likimshuka sikioni.

Wivine alikuwa ameketi na gauni jeupe, Bijou mapajani. Yule bibi alimwinamia akamsifia paka.

Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya moshi wa kuku. Harufu ilikuwa imetoka nje na kufika mbali. Kapita akapanda.

Bijou alivimba. Ile sauti ya chuma ikatoka tena. Ofisa akageuka. Wivine, ambaye alifundishwa kutopiga kelele mbele ya wageni, alimkumbatia paka wake kwa nguvu akamwambia kwa Kifaransa, taratibu kabisa, atulie, si kitu, si kitu. Na paka, asiyekuwa na pa kukimbilia, alimgeukia aliyekuwa karibu. Alimrarua usoni kutoka kwenye nyusi mpaka kwenye shavu, mara tatu, haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata.

"Mama yoo!" Wivine alilia. "Mama, ananiuma! Mama yoo!"

Damu ilijaa jichoni, ikashuka kwenye gauni jeupe. Yule bibi alirudi nyuma mpaka ukutani. Padri alisema jina la Bwana. Constantin hakutoka pale aliposimama. Agnès alimshika mtoto, hakuweza kuona kama jicho limepona au limekwenda, na Kifaransa chote kikamtoka kichwani. Alikimbilia dirishani.

"Yaya Albertine! Yaya! Kuya! Mutoto anakufa!"

Albertine hakutafuta kijimlango. Aliangusha uzio wa matete kwa mguu akapita, akaingia kwa mlango wa mbele bila viatu, unga mikononi, kitenge kimefungwa kifuani. Aliomba maji na chumvi. Alimlaza Wivine juu ya meza ile iliyotandikwa, akasukuma sahani kando, akamfungua jicho kwa vidole gumba polepole, akimwimbia kitu kwa Kibemba.

"Jicho liko zima," alisema. "Agnès, sikia. Jicho liko zima. Ni ngozi tu."

Agnès aliketi sakafuni.

Ofisa alikuwa akiandika. Aliinua kichwa akamtazama Albertine, miguu yake, unga, sahani zilizosukumwa. Akamuuliza Constantin kwa Kifaransa kama huyu mwanamke ni mtu wa nyumba hii, kama ni ndugu, kama ana mazoea ya kuingia hivi.

Wivine alikuwa bado analia kwa kwikwi.

"Hapana, Bwana," Constantin alisema kwa Kifaransa chake kizuri. "Simjui mwanamke huyu."

Kila mtu Katuba alijua Kifaransa cha kutosha kuelewa maneno hayo. Mikono ya Albertine ilisimama. Kisha ikaendelea. Alimaliza kufunga kitambaa kichwani kwa mtoto, akakaza fundo, akamwinua akamkalisha. Agnès aliona yote haya kutoka sakafuni. Alikuwa na kinywa. Alikuwa na Kifaransa cha kutosha kusema, namjua, ndiye aliyenizalisha mtoto huyu katika chumba kile pale. Alimtazama mumewe, akamtazama ofisa aliyeshika kalamu, akatazama chini.

"Nilisikia mutu anaita," Albertine alisema, si kwa mtu yeyote. "Njo maana nilikuya."

Akatoka kwa mlango ule ule. Hakuufunga.

Jioni ile, kabla jua halijazama, Constantin alimkamata Bijou kwa gunia, akamtoa nje, akafunga mlango. Agnès alikuwa akibadilisha kitambaa cha Wivine. Alisikia paka anakwaruza mbao. Hakufungua.

Siku tatu Bijou alijibana chini ya pipa la maji, mahali penye upana wa mkono mmoja. Paka wa mtaa walikuja kumnusa, mmoja mmoja, na kila alipokuja mmoja yeye alijisukuma ndani zaidi. Agnès alimwekea chakula. Hao wengine walikila, yeye akiwatazama. Agnès alijinyoosha chini kumvuta, paka akamkata kidole mpaka mfupani. Alijua nani angejua la kufanya. Alikwenda mpaka kwenye lile pengo la uzio, akasimama pale akisikia sauti ya mtu anatwanga ng'ambo, akarudi.

Siku ya nne chini ya pipa palikuwa patupu. Asubuhi hiyo alimwona Albertine nyuma ya jiko lake, ameshika jembe, anasawazisha udongo juu ya kishimo cha kutosha paka. Albertine alimwona pia. Hawakuamkiana.

Kadi ilikuja baada ya miezi miwili. Ndiyo, walimpa. Katika barua walisifu utulivu wa mwenye nyumba mbele ya tukio lile, na jinsi anavyojua kujitenga na mazingira yake. Constantin aliisoma kwa sauti mezani, mara mbili. Agnès alimwona analia kwa furaha, akatambua kwamba alishawahi kumpenda mtu huyu na kwamba hakumbuki mapenzi yaliisha siku gani.

Wivine alianza shule mwezi wa tisa. Alivaa soksi nyeupe. Kovu lilikuwa limebaki, mistari mitatu iliyovuta kope la jicho la kushoto chini kidogo. Watoto wa Kizungu hawakumpiga wala kumtukana. Walikaa mbali tu, na yeye hakujua mtu anaanza vipi. Siku za likizo mabinti wa Albertine walisimama kwenye uzio, ambao sasa ulikuwa wa matofali mpaka kifuani, bila kijimlango, wakamwita jina lake. Wivine aliposikia aliacha alichoshika, akaingia chini ya meza, akakaa huko mpaka wanyamaze.

Mara ya tatu alipofanya hivyo, Agnès alimtoa chini ya meza, akamvisha viatu, akamshika mkono. Hapakuwa tena na njia ya nyuma. Walizunguka kwa barabara, mbele ya macho ya mtaa wote. Njia nzima Agnès alikuwa akipanga maneno. Angesema yote, angeanza na siku ile, angepiga magoti kama ikibidi.

Albertine alikuwa ameketi kwenye mkeka na mabinti zake na wanawake wengine wawili, wanachambua sombe, majani ya muhogo. Mazungumzo yalikatika. Albertine alisimama, wenzake nao. Aliingia ndani akatoka na kiti, kiti pekee cha nyumba ile, akakifuta kwa kona ya kitenge, akakiweka kivulini, mbali kidogo na mkeka.

"Karibu, Madame," alisema.

"Yaya, mimi si..."

"Kaa, Madame. Usichafue gauni."

Hakukuwa na dhihaka katika sauti yake. Agnès aliitafuta, kwa sababu dhihaka ingempa pa kuanzia. Ilikuwa heshima tu, ile ambayo mtu humpa mgeni asiyemhusu. Agnès aliketi. Binti mdogo wa Albertine alimletea maji katika bilauri juu ya sahani. Mkubwa alimnyooshea Wivine mkono wenye majani ya sombe, amkaribishe, na Wivine alijificha uso katika gauni la mama yake akashika kitambaa kwa ngumi zote mbili. Yule binti akashusha mkono.

Wanawake walisubiri, wamesimama, majani mikononi, kwa sababu wasingeweza kuketi mkekani wakati mgeni yuko kitini. Agnès aliona kwamba anawachelewesha. Maneno yote aliyopanga bado aliyakumbuka, na kila alipotaka kuanza, aliona lile neno Madame limekaa kati yake na wao.

Alikunywa maji yote, mpaka tone la mwisho. Akasema asante. Albertine akapokea bilauri kwa mikono miwili.